Mtoto wa chuo naye ni mwanafunzi wa serikali

Mweso, mji mdogo wa Masisi mashariki mwa Kongo, kama ilivyo katika miji mingi ya Kivu Kaskazini, shule ya serikali haiitwi kwa jina la serikali. Watu husema shule ya Wakatoliki, au shule ya CBCA na shule ya CEPAC, ambayo ni makanisa ya Kiprotestanti. Mwalimu wa shule hiyo analipwa na Kinshasa, au anasubiri Kinshasa imlipe. Programu anayoifundisha ni ya taifa, na mtihani wa kumaliza darasa la sita ni wa taifa. Lakini usimamizi wa kila siku uko mikononi mwa kanisa, na kipindi cha dini ni cha dini ya mwenye shule. Wakongomani wamelizoea jambo hili kiasi kwamba wachache hulishangaa.

Anayelishangaa ni mzazi wa Kiislamu. Katika wilaya za Masisi na Walikale Waislamu ni wachache: wafanyabiashara na madereva wa njia ya Sake, Kitshanga, Mweso, Kalembe hadi Pinga, familia zenye asili ya mkoa wa Maniema, na wenyeji waliosilimu. Mtoto wa familia kama hiyo ana shule mbili. Ya kwanza ni madrasa, au chuo kama wanavyosema watu wa pwani. Huko huanza na alifu, bee, tee, huingia juzuu amma, na akijaliwa atahitimu Kurani nzima. Ya pili ndiyo hiyo ya hesabu na Kifaransa, ambayo mwisho wake unaweza kuwa diploma ya taifa. Shule ya pili ina namba ya usajili, mkaguzi na orodha ya mishahara. Ya kwanza haimo katika daftari lolote la serikali, ingawa ndiyo iliyomfundisha kushika kalamu na kukaa kitako kumsikiliza mwalimu.

Mjadala wa watoto wa chuo na shule za serikali unapoibuka Afrika, mara nyingi huanza kwa lawama: wazazi wa Kiislamu hawataki shule, mashehe wanawazuia watoto. Kongo haikubaliani na lawama hiyo. Huko ni dola iliyokabidhi shule zake kwa dini, ikawaacha Waislamu nje ya makubaliano kwa zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo swali la Mweso si kama serikali ichanganye elimu na dini, maana ilikwisha kuzichanganya zamani. Swali ni kama mtoto wa chuo atapata fungu kamili la makubaliano ambayo wenzake wamekuwa wakifaidi tangu enzi za mababu zao.

Hesabu ya deni hili huanzia Roma. Mwezi Mei 1906, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilitia saini mkataba na Vatikani. Kila misheni ya Kikatoliki ingepewa ardhi ya hekta 100 hadi 200, nayo ingefungua shule kwa kadiri ya uwezo wake, huku programu ikipelekwa kwa Gavana Mkuu. Miaka 20 baadaye, chini ya utawala wa Ubelgiji, utaratibu huo ukawa mfumo wa ruzuku: serikali inalipa, misheni za Kibelgiji zinafundisha. Waprotestanti wenyewe, ambao wengi walitoka Uingereza, Marekani na Skandinavia, walisubiri hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo wakaanza kupata fungu. Waislamu hawakuwemo katika hesabu hata kidogo.

Haikuwa kwa sababu walikuwa wageni katika elimu. Uislamu uliingia mashariki mwa Kongo pamoja na misafara ya karne ya 19 kutoka Zanzibar, Tabora na Ujiji, na mji wa Kasongo wa mfanyabiashara Tippu Tip ulikuwa na watu waliosoma na kuandika kabla afisa wa Kibelgiji hajafika. Majeshi ya Leopold yaliiteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Tangu hapo Mwislamu aliyejua kusoma alitiliwa shaka, na walimu wa Kurani pamoja na watu wa tarika ya Kadiria waliotoka upande wa Tanganyika walifuatiliwa kama watu wa siasa. Lugha yao, hata hivyo, haikufukuzwa. Kiswahili kilichokuja na misafara hiyo, kile kilichoitwa Kingwana, kilikuwa lugha ya utawala na ya madarasa ya misheni huko Kivu na Katanga. Ukoloni uliichukua lugha ya Kasongo ukaitia darasani, na watu walioileta ukawaacha mlangoni.

Mwaka 1954 kulitokea mambo mawili yanayoonyesha mfumo huo ulivyofanya kazi. Kule Brussels, Auguste Buisseret, mliberali aliyepewa Wizara ya Makoloni, aliamua kuwafungulia Wakongomani shule rasmi zisizo za dini, na maaskofu wakapiga kelele. Mwaka huohuo watawa wa Trapisti kutoka Ubelgiji walijenga monasteri yao Mokoto, katika milima ya Bashali, si mbali na Mweso. Shule za Buisseret zilijengwa zaidi mijini. Kwenye milima ya Masisi kanisa ndilo lililofika, likabaki, na hadi leo mtu wa huko akitaka cheti, dawa au barua ya kumtambulisha, mara nyingi huanzia parokiani.

Baada ya uhuru hesabu ilibadilika, kwa mwendo wa kinyonga. Jumuiya ya Kiislamu ilipata chombo kimoja cha kitaifa, ambacho leo huitwa COMICO, mwaka 1972. Mobutu alizitaifisha shule za dini mwaka 1974, akashindwa kuziendesha, na Februari 1977 akazirudisha kwa mkataba uliotiwa saini na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Hizo ndizo zinazoitwa shule za konvansione: majengo na usimamizi ni wa dini, programu na mishahara ni ya serikali. Waislamu waliingia katika utaratibu huo baadaye. Kwa mara ya kwanza, kwenye karatasi, shehe na askofu wakawa na haki moja mbele ya Wizara ya Elimu.

Karatasi hiyo haikurudisha miaka iliyopotea. Aliyeanza kujenga mwaka 1906 ana majengo, ana hatimiliki, ana waliosoma kwake ambao sasa ndio wakaguzi na wakuu wa ofisi. Aliyeanza karne ikiwa inakaribia kwisha ana vyumba vya mbao. Kisha uchumi wa Zaire ukaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu kupitia michango iliyoitwa motisha. Jumuiya yenye wazazi wachache na maskini haikuwa na njia ya kuendesha shule kwa michango.

Hata hivyo, walipopata nafasi hawakulala. Ashley Leinweber, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani aliyefanya utafiti Maniema baada ya vita vya 1996 hadi 2003, aliona jumuiya ya Kiislamu iliyokuwa imegawanyika kwa miaka mingi ikijikusanya upya kupitia shule. Shule zao zilifuata programu ya taifa na kupokea watoto bila kuuliza dini. Kwa wanaohofia kwamba shule za Kiislamu zitalitenga kundi moja na majirani zake, Maniema ni jibu linalostahili kutazamwa kabla ya kutafuta mifano ya mbali.

Masisi si Maniema, bila shaka. Kasongo au Kindu jumuiya inaweza kujaza shule nzima kwa watoto wake. Mweso haiwezi, na kuidai serikali ijenge shule ya Kiislamu katika kila kituo cha Bashali ni kudai kisichowezekana. Kwa wengi, shule iliyopo jirani ni ya kanisa na itaendelea kuwa ya kanisa. Kwa mtoto huyo haki haitatoka kwenye jengo jipya. Itatoka katika jinsi jengo lililopo linavyompokea, na katika saa zake za siku.

Juu ya kupokelewa, sheria haina utata. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma, na inawapa wazazi haki ya kuchagua aina ya malezi ya watoto wao. Kifungu cha 45 kinakataza ubaguzi wa dini katika kuingia shule za taifa. Kinaongeza jambo ambalo watu wachache hulitaja: shule hizo zinaweza, zikishirikiana na viongozi wa dini na kwa ombi la wazazi, kumpa mtoto elimu inayolingana na imani yake. Shule ya konvansione ni shule ya umma, awe anayeisimamia padri, mchungaji au shehe. Kwa hiyo wazazi wa Kiislamu wanaopeleka ombi la maandishi kwa direkta, wakitaka watoto wao wapate kipindi cha dini yao badala ya katekisimu, hawaombi hisani. Wanatumia katiba.

Juu ya saa, tatizo limekua tangu Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo. Mamilioni ya watoto waliingia madarasani. Ilikuwa habari njema kwa kila maskini, wakiwemo wazazi wa Kiislamu waliokuwa wakishindwa kulipa motisha. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na shule nyingi nchini zikaendesha zamu mbili, asubuhi na alasiri. Chuo kwa desturi kimekuwa kazi ya alasiri na ya siku zisizo na shule. Mtoto anayepangiwa zamu ya alasiri anapoteza chuo; akishika chuo, anapoteza shule. Nyumbani huonekana kama ugomvi kati ya dini na dunia, kumbe ni ratiba iliyopangwa bila kumuuliza mzazi. Direkta anayejua ni watoto wangapi wa darasa lake wanaosoma madrasa anaweza kuwaweka wote zamu ya asubuhi bila kutumia hata faranga moja.

Pwani imewahi kupita njia hii. Waingereza walipofungua shule za serikali Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi wengi walizikwepa. Walikuwa na chuo chao, na shule isiyo na Kurani waliiona kama mtego. Utawala ulichukua miaka mingi kuelewa kwamba njia ya kuwapata watoto ilikuwa kuiingiza Kurani katika ratiba na kuwaajiri walimu wa dini. Katika shule hizohizo alifundisha Sheikh Abdulla Saleh Farsy, akapanda hadi ukaguzi wa shule za msingi, akawa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na kisha wa Kenya, na akaifasiri Kurani yote kwa Kiswahili. Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamefikiria jambo kama hilo mapema zaidi. Gavana Julius von Soden alipendekeza mwalimu wa Kurani alipwe na serikali katika shule za pwani, lakini wamisionari wa kwao wakapinga na wazo likafa.

Mombasa nako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliandika katika gazeti lake la Al-Islah, mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasiache elimu ya kisasa na wasiiache dini. Nusu karne baadaye, mwaka 1986, mji huohuo ukawa chimbuko la jambo linaloweza kufaa Masisi kuliko yote haya. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, wazazi walianzisha shule za awali za madrasa, ambamo Kurani, maadili, hesabu na kusoma vilifundishwa katika chumba kimoja. Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu, aliwafundisha akina mama wa mtaani kuwa walimu, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya mazingira ya hapo. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na shule zikazidi 200. Umiliki ulibaki kwa jumuiya, na mtoto aliingia darasa la kwanza la serikali akiwa tayari.

Faida ya mfano wa Mombasa ni kwamba haukuanza na ramani ya mjenzi. Nigeria ilianza na ramani. Mwaka 2012 Rais Goodluck Jonathan alizindua Sokoto shule ya kwanza ya kisasa ya almajiri, wale wanafunzi wa Kurani wanaoishi na walimu wao na ambao wengi wao huombaomba mitaani. Zilijengwa zaidi ya 150. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimeachwa au zimegeuzwa kwa matumizi mengine, maana majengo yalikabidhiwa majimbo ambayo hayakuwa na hamu ya kuyaendesha, na walimu wa Kurani, ambao wazazi huwaamini, hawakupewa nafasi ya maana ndani yake. Mwaka 2023 nchi hiyo iliunda tume nzima ya kushughulikia tatizo lilelile.

Somo kwa Kongo ni kuanza na mwalimu wa madrasa. Hapa Masisi ina nyenzo moja muhimu: lugha. Nyumbani mtoto wa Bashali huzungumza Kihunde au Kinyarwanda, na wa Walikale Kinyanga. Darasa la kwanza na la pili la shule ya serikali upande huu wa nchi hutumia Kiswahili kabla Kifaransa hakijashika usukani. Madrasa nayo hueleza Kiarabu cha Kurani kwa Kiswahili. Kwa maneno mengine, mwalimu wa madrasa tayari anafundisha kwa lugha ambayo wizara inaihitaji katika madarasa ya chini. Akipewa mafunzo ya kusomesha kusoma na kuhesabu, mtoto atakayefika shuleni kutoka kwake hataanza na sifuri, na mwalimu mwenyewe atakuwa na ngazi ya kupandia.

Pingamizi ya kwanza itatoka kwa wenye hesabu za fedha, na ni nzito. Kongo tayari ina maelfu ya walimu wanaofundisha bila kuwemo katika orodha ya mishahara, wale wanaoitwa N.U., katika shule za madhehebu yote. Kuongeza walimu wa madrasa katika foleni hiyo bila bajeti ni kuwadanganya. Ndiyo maana hatua za kwanza ziwe zile zisizohitaji mshahara mpya: usajili wa madrasa zilizopo, mafunzo ya likizo, na zamu ya asubuhi. Mishahara ifuate kwa mgawanyo unaojulikana, shule za konvansione za Kiislamu zikipata nafasi kulingana na wanafunzi wake, si kulingana na nani anamjua nani ofisini.

Pingamizi ya pili itatoka madrasani kwenyewe. Wapo mashehe wanaoamini kwamba serikali ikisajili leo, kesho itaamuru kifundishwe nini. Hofu hiyo ina historia, na haifai kubezwa. Lakini mwalimu asiyesajiliwa hana wa kumtetea siku mwanajeshi au mpiganaji atakapomwuliza anawakusanyia nini vijana kila jioni. Katika nchi ambako kundi la ADF, lililoapa utii kwa Dola ya Kiislamu, limewaua raia wengi katika eneo la Beni, wakiwemo Waislamu, swali hilo si la kufikirika. Usajili unaoandika jina la mwalimu, mahali na idadi ya watoto, ukayaacha mafundisho mikononi mwa jumuiya, unamlinda mwalimu kuliko unavyombana.

Pingamizi ya tatu ni vita, nayo ndiyo ngumu. Kitshanga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2023. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2024 mapigano yalifika Mweso, na hospitali ya mji ikajaa majeruhi na watu waliokimbilia humo kujificha. Goma yenyewe ilitekwa Januari 2025, benki zikafungwa, na mshahara wa mwalimu ukawa safari. Mtu anaweza kuuliza, katika hali hiyo, serikali ipi inaombwa kupanga zamu za madrasa.

Swali hilo linajibika. Shule za Masisi zimewahi kuendelea hata pale ofisi za umma zilipohama, kwa sababu ziliegemea mitandao ya makanisa: paroko, mratibu, kamati ya wazazi. Mitandao hiyo haikuhitaji amri ya Kinshasa ili mtoto apate daftari. Waislamu wa Kivu Kaskazini nao wana uratibu wao wa shule na uongozi wao wa COMICO. Wanachokosa ni kuketi meza moja na waratibu wa Kikatoliki na Kiprotestanti pale zamu zinapopangwa, pale orodha za walimu zinapopelekwa, na pale wafadhili wa dharura wanapouliza watoto waliohama vita wako wapi. Mfadhili akihesabu shule peke yake, mtoto aliyekimbia vijiji vya Mpati au Kashuga na ambaye sasa yuko madrasani tu ataonekana hasomi. Akihesabiwa huko alipo, anaweza kufuatwa na kuingizwa darasani.

Kwa hiyo kazi ya mwaka wa shule ujao inaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Uratibu wa Kiislamu uorodheshe madrasa za Masisi na Walikale, pamoja na umri wa watoto na darasa la shule ambalo kila mmoja anasoma, au kwamba hasomi. Wakurugenzi wa shule za konvansione wapewe orodha hiyo kabla ya Septemba, wakati zamu bado zinaandikwa kwa penseli. Wazazi wapeleke maombi ya kifungu cha 45 kwa maandishi, wabaki na nakala. Wizara ya Elimu, ambayo tangu 2024 imeongezewa uraia mpya katika jina lake, itoe waraka mmoja unaoeleza kwamba kifungu hicho kinahusu shule zote za umma, za makanisa zikiwemo. Waraka huo haugharimu darasa wala mshahara, na direkta wa Mweso ataweza kuubandika ukutani bila kumwogopa msimamizi wake.